Valencia Juu ya Shina la Limau

Mjukuu wangu Agata,

Mwaka aliozaliwa mama yako nilipoteza michungwa arobaini na mmoja kati ya arobaini na minane. Hapa Malangali tu wazima, na babu yako anakusalimu.

Unauliza upande michungwa ya Valencia au ya kienyeji kwenye shamba lako la Chala, ambako mashina yanaoza. Mwaka ule shemeji yangu alinicheka, "Valencia ni ya nchi za joto, shemeji. Rudi kwenye ulezi!" Mimi nikahesabu. Iliyokufa ilikuwa ya aina zote mbili. Saba iliyopona ilikuwa pembeni, ambako sikuwa nimelundika matuta ya nyasi na udongo kama ya mahindi. Kumbe nilikuwa nimezika maungio, pale kijiti cha mchungwa kinapoungwa na shina la chini, udongo mbichi ukaozesha mashina.

Nikapanda Valencia sitini zilizoungwa juu ya shina la limau, linalovumilia udongo mbichi kuliko la mchungwa, maungio shibiri moja juu ya ardhi. Zote sitini zilizaa! Shemeji akaja na kikapu, "Naomba vijiti vya kuunga." Nilimpa, ila kwanza nilimfanya arudie maneno yake ya ulezi mbele ya mkewe.

Sasa nijibu kabla ya Jumapili adhuhuri: miche uliyoagiza imeungwa juu ya limau, ndiyo au hapana?

Bibi yako