Exaucé haji Lubumbashi

Turffontein, Johannesburg
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Placide,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini wewe na wifi Clémentine mko wazima, na goti lako limepata nafuu. Huku baridi imeshika. Cherehani yangu nimeisogeza dirishani nifuate jua. Wote tuko salama.

Salamu nimetoa, sasa niruhusu nikasirike.

Nimesoma ulichoandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: kwamba namfuga mwanangu ndani kama kuku, kwamba hana rafiki hata mmoja, na kwamba umeshamtafutia nafasi kwenye shule ya bweni huko Lubumbashi, aanze Septemba. Hukunipigia hata simu. Mtoto nimemzaa mimi, halafu habari zake nazisoma kundini pamoja na shangazi wa Kolwezi!

Najua maneno hayo yametoka kwa binamu Octave. Alikuja hapa, akala, Exaucé akamsalimia kisha akajifungia chumbani. Je, alikueleza alichomwambia mtoto? "Sema upesi, au ulimi umefungwa kamba?" Akacheka. Mtoto ana kigugumizi, kaka! Hata mimi ningejifungia.

Shule nilimtoa kwa sababu hiyo hiyo. Darasani walimwiga kila alipofungua mdomo, mwalimu naye anatabasamu, mpaka akaacha kuongea hata nyumbani. Ulitaka nimwache pale apate marafiki? Wale ndio marafiki?

Sisemi ilikuwa rahisi. Miezi ya mwanzo alicheza peke yake uani, nami namtazama, moyo unaniuma. Ndipo nikabisha hodi kwa jirani, Mama Luqman, Mrundi, ambaye naye anamfundisha mwanawe nyumbani. Sasa asubuhi watoto wetu wanasoma pamoja mezani kwangu, alasiri wanakwenda uwanjani kucheza mpira na watoto wa mtaa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwaita. Nikakuta kijana mmoja mkubwa amekumbatia mpira, anamwiga Exaucé, wengine wanacheka. Nilitaka kuruka ukuta. Luqman akaniwahi.

"Eish, nyamaza wewe! Huyu ndiye kapteni wetu. Mngoje amalize."

Na walingoja, kaka. Watoto wale wakorofi walinyamaza wote. Exaucé akavuta pumzi. "U-u-uliushika kwa mkono. Mpira ni we-wetu." Yule kijana akautoa.

Nilirudi nalia, na hasira ikazidi. Mtoto wa jirani anajua kungoja, mjomba mtu ameshindwa kungoja anisikie mimi!

Basi Exaucé haji Lubumbashi. Nafasi hiyo wampe mwingine. Na pale pale ulipoandika, mbele ya ukoo wote, andika kwamba ulikosea. Mimi ni mdogo wako na nakuheshimu, lakini kukuheshimu si kukukabidhi mwanangu.

Nisalimie wifi Clémentine, mama mkubwa Victoire, na Gaël wako, ambaye namwombea mtihani mwema. Mungu akuzidishie afya, na akupunguzie haraka.

Nilimwita Exaucé aje aongeze salamu zake hapa chini. Amenijibu akiwa getini, "Ba-baadaye, mama, nachelewa!" Ameshakwenda uwanjani.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa amekasirika,
Victorine