Zege la Tairi kwenye Kona ya Zahanati

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nimekubaliwa kujaribu zege langu! Kona moja tu, pale mlima unapokuwa mkali kabla ya zahanati, huku Uru. Zege la kawaida lilipasuka pale mvua za mwaka jana, mama mkwe akateleza, akavunjika nyonga. Nitachanganya punje za tairi kuukuu na nyuzi za chuma zitokazo humohumo kwenye tairi. Bosi wangu, Basili, kasema likibomoka nisimtaje.

Alhamisi, 13 Machi
Aibu! Nyuzi zimejiviringisha ndani ya mashine — mabonge kama viota. Zege lote tumetupa. Mzee Anaeli, ambaye kihamba chake cha migomba kinapakana na kona, kasema tairi ni la kuchoma, si la kuzika barabarani. Nikajibu shikamoo, nikarudi kuosha mashine.

Ijumaa, 14 Machi
Kumbe ilikuwa haraka yangu! Leo nimenyunyiza nyuzi kidogokidogo, kama unga wa uji, mashine ikizunguka. Hakuna bonge. Kona nzima imemwagwa zege. Vidole vinawaka, nyuzi zimepenya glavu. Raha tupu.

Ijumaa, 11 Aprili
Maabara. Kwanza wakaponda tofali la zege la kawaida — pa! Vipande mpaka viatuni. Langu likafuata. Likapasuka... likabaki limeshikana! Nguvu imepungua kidogo, nilitegemea, ila kwa kona yetu inatosha. Basili akalibamiza sakafuni. Halikuachia. Akacheka peke yake. Mimi nikatoka nje nikapiga vigelegele.

Jumatano, 30 Aprili
Mvua ya kutisha. Asubuhi gari la wagonjwa limepanda na Dainess, jirani yetu, uchungu umemshika. Mwaka jana wangembeba kwa machela. Nikasimama konani nikiomba. Gari likashika, likapita! Nikainama kukagua — hakuna ufa. Kajifungua mtoto wa kike. Nimelia kama niliyezaa mimi.

Jumamosi, 3 Mei
Kelele huko juu. Nimekuta nusu ya kijiji wanachimba mteremko unaofuata, wa kanisani! Kibali hakuna, saruji hakuna — tairi tu, lundo limenizidi kimo. Mzee Anaeli yuko mbele, kavua koti, kakata migomba yake mwenyewe ili njia ipanuke!
"Mzee, huku hatujaruhusiwa."
"Aruhusu nani? Gari la Dainess lilipita, nimeona mwenyewe. Wewe leta mashine, mwanangu."
Basili anapiga simu, sipokei. Watu wanaimba. Nimekaa juu ya tairi naandika, Anaeli anakuja na beleshi, ananinyooshea —