Mto wa Manyoya kwa Mtoto wa Majina Mawili

Shangazi Verna mpendwa, naomba uninusuru kabla Jumamosi haijafika,

Nina miaka ishirini, nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwaka jana nilizaa mtoto wa kiume ambaye sikumlea, nilikaa naye siku mbili hospitalini halafu nikawapa Kristin na Doug, mume na mke wa kule Lincoln waliokuwa wametafuta mtoto miaka saba, na niliwachagua mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono nitie sahihi, wala sijuti, au tuseme siku nyingi sijuti. Wananitumia picha kila mwezi, nimemwona kwa macho yangu mara mbili, na sasa anatimiza mwaka na wamenialika kwenye sherehe yake. Kadi inasema tusilete zawadi, na anayeona hawezi kuja mikono mitupu alete kitabu kimoja.

Sasa sikia balaa lililonikuta. Kwetu, watu wa asili ya Ucheki, au niseme kwenye ukoo wetu maana wengine wameacha, mtoto akitimiza mwaka anapewa mto wa manyoya ya bata bukini, si kabla, kwa sababu kitoto kichanga hakilazwi kwenye mto, na anayeushona ni Bibi Vlasta, mama yake mama yangu, ana miaka themanini na minne na kila majira ya baridi anatuketisha jikoni kwake tuchambue manyoya na ole wake atakayepiga chafya. Nilipokuwa mjamzito Bibi hakulitaja tumbo langu hata siku moja, nikajua nimemwaibisha, tukawa tunaongea habari za mvua na unga basi. Jumapili iliyopita baada ya misa akaniita chumbani akaniwekea mto mapajani, mweupe, na kwenye pembe umetariziwa EMIL kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza, "Bibi, wa nani huu?" Akanijibu, "Wa kitukuu wangu wa kumi na moja. Kwani ulidhani sijui kuhesabu?"

Nililia mpaka nikaulowesha.

Emil ni jina nililompa mimi kule hospitalini, jina la marehemu babu, mume wake Bibi. Lakini Kristin na Doug walimpa jina lao, anaitwa Graham, na ndilo analoitikia. Mama yangu alipouona ule mto alishika kiuno, "Mwanangu wewe, ukiingia na jina hilo mlangoni mwao utakuwa umewatukana mbele ya wageni wao! Wakiamua kukufungia mlango utamlilia nani? Peleka kitabu kama wenzio." Nikarudi kwa Bibi nikamwambia pengine jina lifumuliwe, akasema, "Fumua. Lakini si kwa mkasi wangu." Basi juzi nikachukua mkasi wa kucha nikafumua herufi ya mwisho, nikashindwa kuendelea, sasa mto uko kwenye kiti umeandikwa EMI na si wa mtu yeyote.

Na niseme yote, Shangazi. Chini ya kitanda nimeficha trekta la kijani la kuchezea, koti la baridi, na bata wa mbao wa kukokotwa kwa kamba, vyote nilivinunua nikipita tu dukani. Mama hajui. Nataka anikumbuke, ndiyo hivyo, nataka alale juu ya kitu kilichotoka kwetu. Nipeleke nini? Nipeleke mto, niufumue wote, nipeleke kitabu, au nijifanye mgonjwa nisiende kabisa? Majina ya watu nimeyabadilisha, ya mtoto nimeshindwa.

Mama wa Siku Mbili, Nebraska

*

Binti yangu,

Kwanza weka huo mkasi chini. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimetafuta leso, kwa hiyo nikikugombeza usidhani nina moyo wa jiwe.

Bibi yako hakuona aibu. Alikosa maneno, na asiye na maneno hushona. Mwaka mzima ulidhani amekukunjia uso, kumbe anakuwekea manyoya. Hilo ni lako hata kama mto hautafika Lincoln. Nenda kwake leo, mwombe radhi kwa ile herufi, mwambie airudishe. Akikusemasema, vumilia; umeyataka mwenyewe.

Vile vilivyo chini ya kitanda sasa. Trekta, koti, bata! Unataka kufungua duka? Mtoto wa mwaka mmoja atakitupa kitu chenyewe acheze na boksi. Hivyo vyote ulijinunulia wewe, upoze moyo, na sikulaumu, lakini usimpelekee mtoto mzigo wa majonzi yako umefungwa utepe. Koti lipeleke kanisani kwenye nguo za watoto. Bata na trekta, utaona mwenyewe.

Mama yako ana haki nusu. Mwenye nyumba hashtukizwi mbele ya wageni wake, tena mwanamke aliyengoja mtoto miaka saba. Kosa lingekuwa hapo, kuufungua mto ule katikati ya keki na maputo, kila mtu asome, na Kristin atafute pa kuuweka uso wake. Jina lenyewe si tusi. Mtoto huyo aliitwa Emil siku mbili, na hizo siku mbili ni zake pia, hakuna wa kuzifuta.

Kwa hiyo mpigie Kristin simu. Usimwandikie ujumbe, piga, asikie sauti yako. Mwambie hivi: "Bibi yangu amemshonea mto, umeandikwa jina nililompa mimi. Ningependa awe nao, lakini wewe ndiye mama yake nyumbani, sema wewe." Halafu nyamaza, mwache ajibu. Akisema leta, leta. Akisema tuuweke kabatini mpaka akue, shukuru, kabati ni mahali pazuri. Akikataa itauma sana, nami sitakudanganya. Mto utabaki kwa Bibi, na wewe utakwenda vilevile na kitabu chako kimoja. Kwenye kadi andika jina lako, si "mama", si "rafiki wa familia". Kula keki. Mbebe akikubali kubebwa. Akilia akamtaka Kristin, mpe, na usikimbilie chooni kulia, ni mtoto wa mwaka mmoja. Wageni wakianza kuaga, nawe aga.

Ila hilo la kujifanya mgonjwa sitaki kulisikia tena. Nami nililea mtoto aliyezaliwa na mwingine. Mama yake tulimwalika alipotimiza mwaka, tukamngoja mpaka mishumaa ikaisha, hakuja. Nadhani alikosa cha kuleta. Binti yetu sasa ana miaka thelathini na minne, na bado huniuliza yule mama alikuwaje, na sina hata kipande cha uzi cha kumwonyesha.

Piga simu leo.