Nyumba ya Matofali Juu ya Nyasi za Leonida

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu sana, na kabla sijafika kwenye shida yangu, maana shida ninayo na naomba msaada wako upesi, nataka kwanza ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia, kwa sababu hapa Rongo ukiuliza fundi Machuki hata mtoto atakuonyesha kwa kidole. Mimi ni Mkisii, Msabato, mchoma matofali na mwashi, nimewajengea watu shule na maduka na nyumba ya mchungaji, na miaka yote hiyo mwenyewe nilikuwa nalala chumba cha kupanga nyuma ya duka la mtu, mimi na mke wangu Nyanchoka na watoto wetu, mvua ikinyesha tunasogeza kitanda. Tulipopata Uhuru nikaapa kwamba nitajenga yangu, na nitaijenga kwa mkono huu huu uliojengea wengine.

Basi nikanunua shamba kwa mzee Cephas, Mjaluo wa hapa hapa, pembeni kidogo ya soko, mahali penye udongo mwekundu unaokubali moto vizuri. Siku ya kuonyeshwa, Cephas alitangulia na fimbo yake akanionyesha kijito upande mmoja, barabara upande wa pili, mkonge upande wa tatu, na upande wa nne akasema shamba linaishia pale kwenye nyasi. Nikatazama, nikaona ukanda mwembamba wa nyasi usiolimwa, na ng'ambo yake kichaka, na mwisho wa kichaka ua mkongwe wa ile miti ya utomvu mweupe ambayo Wajaluo wanaiita ojuok. Sasa mshauri, kwetu Kisii ardhi ni haba, mtu haachi hata pa kuweka kikapu bila kulima, na ua tunaupanda mpakani, kwa hiyo nilipoona zile nyasi nikadhani ni uvivu tu wa kulima, na nilipouona ua nikasema moyoni, huo ndio mwisho wa shamba langu. Msimu wa kwanza nikazigeuza nyasi zote na kichaka chote mpaka kwenye ua. Nyanchoka alisema kitu, sikumsikiliza, na mzee Cephas alipita akaniona na jembe, akanisalimu vizuri, akaenda zake.

Kisha nikajenga, na hapa niruhusu nijisifu kidogo kwa sababu nyumba yenyewe inastahili. Matofali nilifinyanga na kuchoma mwenyewe, Nyanchoka akichota maji kijitoni mpaka shingo ikamkakamaa, mabati ni mapya, madirisha yana vioo, na mbele nimeweka baraza ya simiti iliyopakwa rangi nyekundu, nguzo nne za mviringo, na jioni ya Sabato nikikaa pale watu wanaotoka sokoni hupunguza mwendo ili watazame. Wala sikujenga kienyeji. Nilichora ramani ya nyumba, nikaipeleka kaunsil, Bwana Afya, yule mkaguzi wa majengo wa kaunsil, akaja na pikipiki yake akaniambia kwamba ukuta sharti ukae mbali na mpaka, akaniuliza mpaka wangu uko wapi, nami nikamwonyesha ule ua bila wasiwasi wowote, akapima, akaridhika, akapiga muhuri. Ramani hiyo nimeitilia fremu, iko ukutani sebuleni karibu na picha yetu ya harusi.

Sasa mwezi uliopita alikuja mama mmoja, Leonida, amevaa nguo nyeusi na kubeba kiondo, akasimama mbele ya baraza yangu kwa muda mrefu bila kupiga hodi. Nikadhani ni wale wanaokuja kutazama, nikamkaribisha kwa furaha nimwonyeshe nguzo. Akaniambia kwamba yeye ni mjane wa mdogo wake Cephas, kwamba mumewe alipofariki na nyumba yao ya udongo ilipoanguka alikwenda Muhuru Bay kwa dada yake akauze omena, wale dagaa wa ziwani, ili amsomeshe mtoto wake wa kiume, na kwamba amerudi kwa sababu amesikia maofisa wa kupima mashamba wanakuja. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mimi sikuja na maneno mingi, fundi. Nauliza tu, bwana yangu iko upande gani hapa?"

Sikuelewa. Akaonyesha kwa mdomo, kama Wajaluo wanavyoonyesha, pale mbele ya baraza nilipomwaga mchanga wangu wa kujengea, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kichaka hakikuwa kichaka, kilikuwa boma lake, na ule ua ulikuwa ua wa boma lake, umekufa upande wangu ukabaki upande wa mbali tu, na mimi nimekuwa nikichanganya simiti juu ya kaburi la mtu. Nyanchoka alitoka jikoni na sepeto, akampa Leonida karai, na wanawake hao wawili wakauhamisha mchanga wote, nami nimesimama barazani kwangu kama mgeni. Walipomaliza Leonida aliosha mikono, akanywa uji, akasema mtoto wake akimaliza shule atajenga hapo, akaenda zake kwa jamaa yake karibu na soko, ambako yuko mpaka leo akiwangojea hao maofisa. Jioni hiyo mke wangu aliniambia jambo moja tu.

"Nilikuambia zile nyasi zilikuwa zimenyooka. Nyasi ya uvivu hainyooki."

Mshauri, baraza yote na nusu ya sebule ziko ng'ambo ya zile nyasi nilizozilima. Mzee Cephas amekuja kuninong'oneza, anasema kamati ya wazee ikipita na maofisa yeye atasema mpaka ni ua, nami niseme mpaka ni ua, na Leonida ni mwanamke peke yake, nyasi hazipo tena, nani atamsikiliza? Najua kwa nini anasema hivyo, kwa sababu kipande kingine cha shamba la mjane huyo anakilima yeye. Najua pia kwamba ni uongo. Lakini nyumba hii ndiyo maisha yangu yote, na mawe ya mpaka yakishawekwa nitakuwa na haki mbele ya serikali, na nikisema kweli nitabomoa kile ambacho watu wanapunguza mwendo kukitazama. Ninyamaze au niseme? Na nikisema, nifanye nini ili nisibaki bila nyumba?

Ukitaka kuchapa jina langu, chapa, mimi si mtu wa kujificha.

Wako,
Fundi Machuki,
Rongo, South Nyanza, 1968

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Machuki,

Hongera kwanza, pole baadaye. Mimi ni binti wa Kendu Bay, na nilipokuwa mdogo nyumba ya matofali yenye vioo ilikuwa ya misheni au ya Mhindi mwenye duka, hapakuwa na wa tatu. Leo mtu wetu anachoma matofali yake mwenyewe, anachora ramani yake, anapigiwa muhuri. Nimeisoma barua yako nikajisikia vizuri moyoni. Kwa hiyo usidhani nitakuambia kwamba nyumba ni kitu kidogo, usiililie. Si kitu kidogo hata kidogo.

Lakini bwana wee, wewe ni mwashi! Kazi yako ya kila siku ni kuvuta kamba ukutani uone kama mstari umenyooka. Uliona nyasi zimenyooka kutoka barabarani mpaka kijitoni, mke wako akaziona, mwenye shamba akakuambia kwa kinywa chake kwamba shamba linaishia hapo, na wewe ukasema ni uvivu wa Wajaluo. Mwenye macho haambiwi tazama, wewe uliambiwa mara mbili. Kilichokuziba macho ni kiburi cha jembe, na ningekucheka kama kaburi lisingekuwepo.

Jua basi, na wasomaji wengine wanaonunua mashamba nje ya kwao wajue pia. Ukienda kununua ardhi kwa watu, usiusome mpaka wao kwa macho ya kwenu. Huku kwetu ua huzunguka boma, hauzunguki shamba. Mpaka wa shamba ni zile nyasi, tunaziita kiewo, na wanaopakana hukubaliana kwamba jembe la huyu litasimama upande huu na la yule upande ule. Hakuna ukuta wala seng'enge, kuna heshima tu baina ya watu wawili, na ndiyo maana ni rahisi sana kuulima. Ungemwita jirani akaja siku ya kuonyeshwa, hata kama ni kumtumia ujumbe Muhuru Bay, ungeambiwa haya kabla ya kuchimba msingi.

Sasa mzee Cephas. Ulipokuwa unakosea, ulikosea kwa kutojua. Yeye alijua, akakuona unalilima boma la marehemu nduguye, akakusalimu vizuri akaenda zake. Mtu wa namna hiyo ndiye unayetaka kushirikiana naye uongo? Siku utakayosema naye kwamba mpaka ni ua, nyumba yako itakuwa mkononi mwake maisha yako yote, maana kila akikukasirikia atakumbuka ukweli ghafla. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe una watoto wa kulea katika nyumba hiyo.

Kwa hiyo utasema. Na utasema kwa Leonida kabla ya kusema kwa mtu mwingine yeyote. Nenda na Nyanchoka, kwa sababu yeye tayari amefanya lililotakiwa, ameshika sepeto wewe ukisimama. Mwambie Leonida wazi, nyasi zilikuwa hapa, nilizilima mimi. Usimpelekee pesa, kaburi haliuzwi, na usianze kuzungumza juu ya sebule yako kabla hujazungumza juu ya mume wake. Baraza ibomoe, hiyo usiniulize mara ya pili. Mlango wa mbele uzibe, ufungue mwingine upande wa shamba lako, ili mtoto wa watu akija kujenga asikute mlango wako unaangalia kichwa cha baba yake. Matofali yako ni mazuri, umesema mwenyewe, basi yatoe moja moja uyatumie tena.

Ikibaki ile nusu ya sebule, hapo ndipo unaweza kuomba. Umwombe akubali kubadilishana, kipande cha sebule kwa kipande cha shamba lako kilicho bora zaidi, na nasema bora, si sawa. Mpe kule kijitoni au kule barabarani, achague mwenyewe. Akikataa, bomoa na sebule. Akikubali, msiishie kupeana mikono. Yasemwe mbele ya wazee wa ukoo wa mumewe, yasemwe tena mbele ya kamati, na bodi ya ardhi itoe idhini yake, ndipo mawe ya mpaka yawekwe. Na ile fremu ishushe ukutani leo. Muhuri wa Bwana Afya ulipigwa kwa mpaka uliomwonyesha wewe, na mpaka huo haukuwa kweli. Mpelekee mwenyewe, umwambie, uchore ramani mpya. Atakufokea. Mwache afoke, ni afadhali umfuate wewe kuliko akufuate yeye na barua ya kubomoa yote.

Siku ya kamati utangulie mbele, Leonida akiwa pembeni yako, na mfikapo pale nyasi zilipokuwa usimame useme kabla hujaulizwa. Wataona nguzo zimeng'olewa, watauliza ni nani aliyebomoa kazi nzuri hivi. Hapo jisifu, fundi, nakuruhusu, maana kujenga wanajenga wengi.

Limebaki moja. Uliniuliza unyamaze au useme, na chini ya barua ukaniambia nichape jina lako. Nimelichapa, na la Cephas nimeliacha kama ulivyoliandika. Gazeti hili linafika Rongo kwa basi, na Muhuru Bay pia linafika, watu hulisoma kabla ya kulifungia omena. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta, lilitangulie gazeti kidogo. Katika muda huo mdogo bado unaweza kuwa mtu aliyekwenda mwenyewe kwa Leonida, kabla hujawa mtu ambaye Leonida amemsoma gazetini.

Mwite mama watoto. Vaeni viatu mwende.