Kiraka cha Ndani

Jumanne, usiku

Mikono bado inawasha. Vumbi la faiba limeingia hadi kwapani, na nyumba nzima inanuka gundi.

Deo anarudi kesho na kivuko cha asubuhi kutoka Kamanga. Mume wangu huyu akijua nimeanguka na pikipiki yake, ufunguo sitauona tena, na sijui Buswelu kazini nitakuwa nafikaje. Aliponiachia alisema mbele ya mama yake: "Tangu niinunue haijawahi kugusa chini. Wewe iangushe tu, utaona."

Nimeiangusha. Kava la mbele limepasuka.

Mchana nililifungua, nikawa nalipiga msasa kwa ndani ili faiba ya kuziba ufa ishike. Mama mkwe akatokea. Nikataka kulifunika na kanga, nikachelewa.

"Shikamoo mama," nikaropoka, wakati tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Unasugua nini?"

Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka, na chini yake kulikuwa na kiraka. Kiraka cha faiba, cha zamani, kimepakwa rangi kisionekane.

Mama mkwe akainama, akakigusa.

"Kumbe. Mwaka jana alirudi anachechemea, akaniambia ameteleza bafuni."

Akarudi jikoni. Sijui kama atamwambia.

Nimebandika changu kando ya chake. Kimekauka. Nje nimepaka rangi, huoni kitu.

Ndani sijapaka. Kesho nitampa Deo spana, nimwambie taa ya mbele inacheza, afungue kava mwenyewe.