Kwa Mwanaidi, Uliyekuwa Bibi Yangu Jukwaani

Bibi yangu wa uongo,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitika "Marahaba, mjukuu wangu" kwa ile sauti nzito ya kujitia uzee, na watu wa Kilwa Masoko wangegeuka kumtazama ajuza mwenye mvi anayemwamkia msichana msusi. Nakuandikia kwa sababu wenzangu wananiuliza kama nimelia. Uchungu nausubiri, hauji.

Ulipohamia chumba changu cha uani ukitokea Njinjo, hatukuelewana. Wewe na redio yako, mimi na maneno yangu. Wateja wako waliacha nywele barazani, nami nilizifagia huku nikisema kwa sauti ili usikie. Kisha ukaja siku moja na habari ya kikundi chenu cha maigizo. Ulinikuta napepeta mchele.

"Bibi Fatu, tuna kichekesho cha bibi na mjukuu. Njoo ucheze."

"Nicheze bibi? Ubibi ninao hapa hapa nyumbani, bure."

"Hapana. Wewe utakuwa mjukuu. Bibi nitakuwa mimi."

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika.

Ukanivalisha dera lako la maua, ukanitia hedifoni masikioni, ukanifundisha kutembea huku macho yakiwa kwenye simu. Wewe ukajifunga khanga zangu, ukashika fimbo yangu, ukaanza kuniiga. Goti langu bovu ni la kulia, wewe ukachechemea la kushoto. Nikakukosoa mbele ya kikundi kizima: "Kama unaniibia mwendo, iba vizuri."

Mara ya kwanza tulicheza kwenye uwanja wa mpira. Nilipoona watu wale wote, maneno yakanitoka kichwani. Ukanigonga kwa fimbo begani. "We binti! Nimekutuma maji, mbona umeduwaa?" Nikatoa lililonijia: "Bando limeisha, bibi." Uwanja ukalipuka. Tangu hapo tukaliacha neno lile ndani ya mchezo.

Baada ya mazoezi ulikuwa unanisuka. Nilikueleza kwamba marehemu mume wangu sikumpenda mpaka tulipopata mtoto wa tatu. Hilo halijui mwanangu hata mmoja. Ukauliza, "Na huyo mtoto wa tatu, alikuwa mzuri kiasi gani?" Hukunipa pole. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia mambo.

Kisha ikaja ile homa. Walipokupeleka hospitali Lindi, ulinipungia mkono kutoka kwenye gari ukasema mazoezi yasianze bila wewe. Habari ya pili niliyoipata ni ya msiba.

Tulikuzika kwenu Njinjo. Watani wenu walifanya kazi yao ya kuwachekesha wafiwa. Mmoja, mama mnene ambaye simjui, alijifunga khanga kichwani, akaokota fimbo, akapita katikati ya uwanja akikuiga wewe ulivyokuwa ukiniiga mimi. Alichechemea guu la kulia. Sawasawa kabisa. Waliokuwa wanalia wakacheka, mama yako akacheka machozi yakimtiririka. Mimi nilikaa mkekani nikawaza kwamba nyumbani chumvi imeisha.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na hivyo ndivyo nilivyoendelea. Nilipika, nikala, nikaswali. Niliitikia pole za watu kama mtu anayeitikia hodi za jirani.

Arobaini yako ilipopita, kikundi kikaalikwa Mingoyo. Nafasi yako wakampa Rehema, yule binti mrefu uliyekuwa ukimtania kwamba mvua inamfikia yeye kwanza. Nikakubali. Lakini siku ya mazoezi aliposhika fimbo na kuniita mjukuu, mdomo haukufunguka. Haikuwa kwamba kilio kimenikaba. Mdomo ulikataa tu, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Nikasema, "Bibi nacheza mimi. Rehema awe mjukuu."

"Kwa nini, bibi?"

"Sasa mimi si bibi?"

Hawakuuliza tena.

Mingoyo tulichezea karibu na soko. Tukafika pale pa kumtuma mjukuu maji. Ilinipasa nigombe, Rehema ajibu jeuri, watu wacheke. Nikamtazama, nikasema jambo lisilokuwemo: "Nimechoka, mjukuu wangu."

Akavua hedifoni. Hakujua kama naigiza, nami sikujua. "Basi kaa, bibi. Nakwenda mimi." Akachukua ndoo, akapasua katikati ya watazamaji, akaelekea bombani. Bomba la kweli, Mwanaidi. Na bombani kulikuwa na foleni.

Nikabaki peke yangu mbele ya halaiki. Watu wakaanza kucheka. "Mjukuu kapotea!" Mama mmoja wa mbele akaniuliza, "Sasa bibi, unafanyaje hapo?"

"Namngoja."

Wakacheka zaidi. Mimi sikuwa naigiza. Nilikuwa nangoja kweli, na nilijua ninayemngoja siye aliyekwenda bombani. Hilo lilinipita kifuani, dogo, likaondoka. Lakini lilipita.

Rehema akarudi ndoo kichwani, maji yakimchuruzika usoni, watu wakimshangilia kama ameleta mwali. Akanichotea kikombe, akapiga goti kunipa. Wenzetu walikuwa wanatungoja tuseme neno la kumalizia mchezo. Sikulisema. Niliyanywa yale maji yote mbele yao, taratibu, nikamrudishia kikombe aniongeze. Kumbe nilikuwa na kiu.

Wamesema tucheze hivyo hivyo Lindi. Nitakwenda. Ulale kwa raha, mwanangu, na huko uliko wakikuuliza umeacha nani nyuma, nitaje na mimi.

Mjukuu wako mwenye mvi,
Fatu