Mshumaa Mbele ya Picha ya Fiachra

Kilcoura, Kerry
2 Februari 1998

Mpendwa Fiachra,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Natumaini huko Rotterdam nawe hujambo na kazi ya bandarini inakwenda.

Mama anakula vizuri, analala vibaya. Juzi nilimkuta anamenya viazi vya kulisha parokia nzima, eti Baba yuko njiani anarudi na ng'ombe. Baba tuliyemzika ukiwa bado shuleni! Jina langu limeshampotea. Siku hizi mimi ni "yule mwanamke mkali". Lako bado analo. Kila asubuhi: "Fiachra anakuja lini?" Sikufichi, wivu unanishika.

Njoo Pasaka, mdogo wangu. Njoo angali anakujua.

Dada yako,
Gobnait


Rotterdam
15 Februari 1998

Dada Gobnait,

Barua yako imefika. Pole na mgongo. Mimi sijambo, ila magoti yananiuma, na sababu ipo: nimeanza kukimbia! Aprili kuna mbio ndefu hapa, nami nitakimbia kwa heshima ya Mama, kuchangia chama cha wagonjwa wa kusahau cha huko kwetu. Wenzangu bandarini wameshaahidi kutoa. Usicheke. Najua shuleni nilikuwa wa mwisho hata kukimbilia chakula.

Mbio ni wiki moja baada ya Pasaka, kwa hiyo Pasaka sitaweza. Nitakuja Mei bila kukosa. Nakutumia picha yangu nikiwa nimevaa fulana ya mbio. Siku ya mbio andaeni chai ukumbini, watu wachangie. Siwezi kukaa tu, dada, nikingoja anisahau.

Mbusu Mama.

Mdogo wako,
Fiachra


Kilcoura
22 Aprili 1998

Fiachra,

Hongera kwa kumaliza mbio. Sisi wazima wa mwili. Juzi ulipopiga simu hukuelewa kwa nini Mama alikata. Sikuweza kukueleza naye akiwa pembeni yangu, ndiyo maana naandika.

Chai ilifana, ndoo ya michango ikajaa. Bi Sheehy, kwa wema wake, alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka picha yako na kuwasha mshumaa mbele yake ili Mungu akulinde mbioni. Mama nilimvika gauni lake jeusi la kanisani, nikamketisha kando ya meza. Unawajua watu wetu. Wakapanga foleni, mmoja mmoja wakamshika mkono. "Ulizaa kijana mwema, Nóirín." "Hapatikani mwingine kama Fiachra." Kisha wakaenda kula sandwichi. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji. Matanga gani ya kwetu hayako hivyo?

Nilipotoka nikamkuta ameikumbatia picha. "Mwanangu amekufa," akasema, "na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa."

Nimemwambia uko hai mpaka sauti imekauka. Ananipapasa mkono: "Jikaze, binti." Ulipopiga simu alisema kuna mtu mwenye roho mbaya anaigiza sauti ya marehemu. Anasahau kila kitu, Fiachra, lakini hili hasahau.

Usingoje Mei. Njoo akuone kwa macho.

Dada yako,
Gobnait


Rotterdam
6 Mei 1998

Dada,

Nimefika salama. Nisamehe, niliondoka bila kukuaga vizuri.

Uliona mwenyewe alivyolia kila nilipomwambia, "Mama, ni mimi." Asubuhi ile ulipokwenda dukani nilijaribu tena. Alinitazama sana. "Unafanana naye kidogo," akasema. "Ulifanya naye kazi kule Uholanzi?" Dada, nilichoka. Nikasema ndiyo.

Akaenda kabatini akatoa koti langu la kahawia. Akanivika, akanifunga vifungo mpaka shingoni kama zamani nikienda shule. "Linakuenea. Yeye hatalihitaji tena." Akauliza kama Fiachra aliumia. Nikasema hapana. Akauliza kama alikuwa akimtaja mama yake. Nikasema sana. Ndipo akakaa, akala mkate wote na kunywa chai.

Basi nimelilia koti langu mwenyewe njia nzima hadi Dublin, abiria wananiangalia.

Mdogo wako,
Fiachra


Kilcoura
3 Juni 1998

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku mvua tu. Mama amedhoofika, lakini tangu uondoke analala usiku. Chama kimetuma barua ya shukrani kwa jina lako, na Bi Sheehy anataka kuitundika ukumbini na picha yako. Nimemwambia akithubutu nitamvunja mkono.

Mama anauliza, "Yule mtu wa koti hajaandika?" Kila asubuhi, kama alivyokuwa akikuulizia wewe.

Mwandikie. Unanielewa ninachokuomba, na naona uchungu kukuomba.

Dada yako,
Gobnait


Rotterdam
14 Juni 1998

Kwa Bi Nóirín Lehane,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu. Mimi ni yule uliyempa koti. Linanifaa sana, upepo wa bandarini hauna huruma.

Ulitaka kusikia habari za Fiachra. Aliniambia kuwa mlikuwa mkienda ufukoni kuokota mwani baada ya dhoruba, na siku moja ukamfunika kwa shali yako, wewe ukarudi nyumbani umelowa chepechepe. Alisema alitaka sana kuja Pasaka. Alikupenda, mama. Hilo nina hakika nalo.

Ukiniruhusu, nitakuja tena Agosti. Nitavaa koti, ili unijue.

Rafiki wa mwanao